SOMO: JINSI SEHEMU ZA UBONGO ZINAVYOPELEKEANA HABARI, NA YALE TULIYOFUNDISHWA NA WENYE KIFAFA



Mwezi huu twataka kunena habari za ubongo wa mwanadamu. Twawaandikia hasa walimu na wazee wa sharika, na wazazi wajuao kusoma, ili nao wawasomee majirani wasiojua.

Huenda mtu atasema, “Hayo ni mambo ya madaktari. Yatufaa nini sisi tulio Mbuchi, katika mikono ya mto Rufiji, ambao kazi yetu ni mpunga na samaki na kamba?” Twajibu kwamba yatufaa sana. Uko ugonjwa mmoja wa ubongo ambao kila kijiji chaujua kwa jina, nao ni kifafa. Tena kwetu sisi ugonjwa huu una hatari kuliko mahali pengine, kwa kuwa njia zetu ni maji. Mtu akianguka njiani kwenye nchi kavu, huinuka na michubuko. Akianguka kutoka mtumbwini, hapana mtu wa kumwinua kama yu peke yake. Basi ni vizuri tujue ugonjwa huu ni kitu gani, nao hauwezi kufahamika bila kufahamu kwanza jinsi sehemu za ubongo zinavyosemezana.

1. Ubongo ni nchi yenye njia nyingi

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi. Ni sehemu 2 hivi katika mia za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika mia za nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86, yaani milioni elfu themanini na sita. Kila seli ina nyuzi nyembamba mno, nyingine fupi, nyingine ndefu, na kwa nyuzi hizo hupeleka habari kwa wenzake na kupokea habari zao.

Habari hupita katika uzi kwa nguvu kidogo ya umeme, na katika nyuzi zilizo za haraka kupita zote huweza kwenda hata mita 100 kwa sekunde. Ifikapo mwisho wa uzi hukuta mwanya mdogo sana. Hapo huvushwa ng’ambo kwa maji ya dawa ambayo seli yenyewe huyatengeneza, kama vile abiria aliyekuja kwa miguu avushwavyo kwa mtumbwi.

Hebu tufikiri habari za nchi yetu. Vijiji vya delta vyakaa mbalimbali, kila kimoja na kazi yake. Huku mpunga, huku kamba, huku mafundi wa madau. Lakini hakuna kijiji kinachoweza kuishi peke yake. Hori na vijito vikizibwa, wote wataona njaa, hata yule ambaye ghala yake imejaa, maana atakosa chumvi na mafuta ya taa. Ubongo nao ni vivyo hivyo. Sehemu ya nyuma ya kichwa hupokea habari za macho. Sehemu za upande hupokea sauti. Juu upo ukanda uongozao viungo. Mbele kabisa ndipo mtu apangapo kazi zake na kujizuia asifanye lisilofaa. Mtu asomaye gazeti hili kwa sauti mbele ya wenzake hutumia sehemu hizo zote pamoja. Macho huona herufi, sehemu nyingine hutambua maana, nyingine hutengeneza matamko, nyingine huamuru ulimi na midomo, na masikio hupokea sauti ili kusahihisha kosa. Kazi moja ndogo imepita katika vijiji vingi, nayo imekwisha kabla msomaji hajavuta pumzi.

Jambo moja tena ni la kukumbukwa. Seli hizo si zote zenye neno moja. Ziko ziwaambiazo wenzake “Nena,” na ziko ziwaambiazo “Nyamaza.” Kwa hiyo mazungumzo yao huenda kwa zamu, kama ya wazee barazani.

2. Kifafa ni nini

Kifafa huja wakati ambapo seli nyingi zapaza sauti zote pamoja, bila zamu, na zile za kunyamazisha zashindwa kazi yao. Ghasia hiyo yaweza kubaki katika sehemu moja ya ubongo, au yaweza kufuata njia zile zile za habari ikaenea kotekote. Ikienea kote, mtu hupoteza fahamu, huanguka, mwili hukakamaa, kisha hutetemeka. Baadaye seli huchoka na kunyamaza, na mtu hulala usingizi mzito. Akiamka, hajui lililompata.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1924 daktari Mjerumani aitwaye Hans Berger, katika mji wa Jena, aliweza kuandika mawimbi ya umeme wa ubongo wa mtu kutoka nje ya kichwa, akayatangaza mwaka 1929. Tangu hapo madaktari wameweza kuyaona machafuko ya kifafa yakiandikwa kwenye karatasi, kama vile baharia aonavyo upepo katika tanga. Na zamani za kale, karibu miaka 400 kabla ya Kristo, kitabu cha Kiyunani kilichotoka katika chuo cha mganga Hipokrate kilikwisha sema kwamba ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, bali watoka katika ubongo.

3. Wenye kifafa wamekuwa walimu wa ulimwengu

Hapa tungependa wasomaji watulie kidogo. Watu ambao vijiji vingi huwakimbia ndio waliowafundisha wenye elimu mambo mengi yajulikanayo leo juu ya akili ya mwanadamu. Twaleta mifano minne.

Wa kwanza. Huko London, katika miaka ya 1860, daktari John Hughlings Jackson aliwaangalia wagonjwa ambao kifafa chao kilianza katika kidole gumba, kikapanda mkono, kisha kikaingia usoni, kila mara kwa utaratibu ule ule. Akatambua kwamba juu ya ubongo viungo vyetu vimepangwa kama vijiji jirani, na ghasia hupita kutoka kimoja hata cha pili. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, walithibitisha kwa kugusa ubongo wa mbwa kwa umeme mdogo, na miguu ikacheza.

Wa pili. Katika mji wa Montreal, nchi ya Kanada, daktari Wilder Penfield aliwapasua wenye kifafa huku wakiwa macho, akitia ganzi ngozi ya kichwa tu, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Aligusa hapa, kidole kikasogea. Akagusa pale, mgonjwa akashindwa kutamka neno alijualo. Kwa njia hii alijua sehemu asizopaswa kukata, na pamoja na hayo akapata ramani ya ubongo ambayo hutumika katika mafundisho hata leo.

Wa tatu. Ubongo una nusu mbili, na kati yake pana daraja la nyuzi zipatazo milioni 200. Wapasuaji waliona kwamba kifafa kikali huvuka daraja hilo, kwa hiyo kwa wagonjwa wachache waliolikata. Kifafa kilipungua. Lakini katika miaka ya 1960 Roger Sperry na Michael Gazzaniga, huko California, waliwapima watu hao wakaona ajabu. Picha ikionyeshwa upande wa kushoto wa macho, habari yake huenda nusu ya kuume ya ubongo, ambayo kwa watu wengi haina usemi. Mtu aliulizwa, “Umeona nini?” Akajibu, “Sikuona kitu.” Lakini mkono wake wa kushoto ulipapasa ukachagua kitu kile kile kilichokuwa katika picha. Nusu moja ilijua, na nusu ya pili haikupewa habari. Sperry alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Wa nne ni Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926. Alisumbuliwa na kifafa hata hakuweza kazi. Mwaka 1953 walimwondolea sehemu fulani za ndani za ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana, ila tangu siku ile hakuweza kushika jambo jipya. Aliukumbuka utoto wake, alizungumza kwa adabu, lakini mtu aliyetoka chumbani na kurudi alikuwa mgeni kwake. Hata hivyo Brenda Milner, mwanamke mwenye elimu ya akili, alipomfundisha kuchora kwa kutazama kioo, mkono wake ulizidi ustadi siku kwa siku, ingawa kila siku alisema hajapata kufanya kazi hiyo. Hivyo ikajulikana kwamba ukumbusho wa mambo na ustadi wa mikono hupita katika njia mbili mbalimbali. Molaison alikubali kupimwa kwa zaidi ya miaka 50, hata alipokufa mwaka 2008.

Siku hizi hapana haja ya kupasua kichwa ili kuona mazungumzo ya ubongo. Ziko mashine zionyeshazo damu inavyoongezeka mahali penye kazi. Mwaka 1995, huko Marekani, Bharat Biswal na wenzake waliwalaza watu ndani ya mashine bila kufanya lolote, wakaona kwamba sehemu ya ubongo iongozayo mkono wa kuume na ile iongozayo mkono wa kushoto zilipanda na kushuka pamoja. Ni kama mtu atazamaye hori mbili zilizo mbali, akaona zajaa na kupwa kwa saa moja. Atajua kwamba zote mbili zashikana na maji mamoja. Kwa njia hii wenye elimu wanazidi kuchora ramani, si ya vijiji tu, bali ya njia ziendazo kati ya vijiji.

4. Kifafa kinachofanana na ukaidi

Kwa kuwa ubongo huongoza hata mwenendo wa mtu, si kila kifafa huangusha. Hili walimu walishike sana.

Uko namna moja uwapatao watoto, hasa wa umri wa kwenda shule. Mtoto huacha neno katikati, hukaza macho, huenda kope zikapepesa kidogo. Baada ya sekunde chache huendelea kana kwamba halikutokea jambo. Huweza kumpata mara nyingi kwa siku moja. Wakati huo sehemu ya katikati ya ubongo na gamba lake la juu hupigiana mawimbi matatu hivi kwa kila sekunde, na hapana habari nyingine ipitayo. Mwalimu asiyejua husema, “Mtoto huyu ni mzembe, hanisikilizi,” akampiga fimbo. Mtoto naye hajui kosa lake, kwa sababu hakuwapo.

Namna nyingine huanza katika upande wa kichwa. Mtu hunusa harufu isiyokuwapo, au hushikwa na hofu ya ghafula. Kisha hutafunatafuna, huvutavuta nguo yake, hata hutembea, wala hasikii aitwapo. Watu husema ana wazimu, au ana shetani. Kumbe ni ghasia katika njia za habari, nayo hupita.

5. Habari za Mahenge

Maji yapitayo mbele ya Mbuchi yametoka mbali. Mto Rufiji huanza pale ambapo Kilombero na Luwegu hukutana, na katika milima iliyo kati ya mito hiyo miwili ndipo palipo Mahenge. Huko, karibu na mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya wenye kifafa. Aliwakuta wengi wametengwa, wakila kwa chombo cha peke yao, wengine wenye makovu makubwa ya moto. Kwa maana watu waliogopa kumgusa aliyeanguka, wakidhani ugonjwa huambukiza kwa mate. Aliwakuta pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wasinziao. Aliwapa dawa, na kwa wengi kifafa kikapungua.

Mwaka 1992 ilichapwa taarifa ya wagonjwa 164 wa kliniki hiyo waliofuatwa kwa miaka 30. Wengi walikuwa wamekufa, na miongoni mwa vifo hivyo vilikuwamo vya kuzama majini, vya kuungua, na vya kifafa kisichokoma. Mwaka ule ule ilitolewa hesabu ya vijiji 11 vya wilaya ya Ulanga. Katika watu wapatao 18,000 walionekana 207 wenye kifafa. Baadaye watafiti wameona uhusiano kati ya kifafa cha Mahenge na ugonjwa wa usubi, yaani inzi wadogo wakaao penye maji yaendayo kasi.

Kwetu delta maji ni ya kujaa na kupwa, na adui tumjuaye zaidi ni mbu. Malaria ikipanda kichwani, mtoto hupata degedege na hupoteza fahamu. Mwaka 2004 watafiti wa Kilifi, nchi ya Kenya, walionyesha kwamba kati ya watoto waliopona malaria kali kifafa kilikuwa kingi kuliko kwa watoto wengine. Kifafa hutoka pia katika uzazi uliokawia, na katika kuumia kichwa, kama kwa kuanguka kutoka mnazini. Basi chandarua, na kumpeleka mtoto mwenye homa zahanati siku ile ile, ni kinga ya ubongo. Pwani yetu wengi husema degedege ni ndege mbaya apitaye usiku, wakatanguliza mafusho; na saa zipotezwazo hivyo ndizo ziharibuzo njia za habari kichwani mwa mtoto.

6. Je, si pepo?

Hapana shaka wako watakaouliza juu ya kijana wa Injili katika Mathayo 17, aliyekuwa akianguka motoni na majini. Hatuwezi kufunua fumbo lote hapa. Lakini tuangalie jambo lililo wazi. Baba yake hakumficha, wala hakumfukuza nyumbani. Alimleta kati ya watu, akaomba msaada, na Bwana hakumlaumu kijana hata kidogo. Mtu asitumie sura hiyo kumtenga mgonjwa. Tena kuomba na kumeza dawa havigombani, kama vile kuomba mvua na kulima havigombani.

7. Yatupasayo kutenda

Mtu akianguka, msimkimbie. Mate yake hayaambukizi. Mwondoeni penye moto na maji. Akiwa majini, shikeni kichwa chake juu ya maji mkamtoe. Mlazeni kwa ubavu, wekeni nguo laini chini ya kichwa, legezeni shingo ya nguo yake. Msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, wala msimnyweshe maji au dawa, wala msimkandamize. Kaeni naye hata atakapoamka. Ikiwa kutetemeka kumezidi dakika 5, au kifafa chafuatwa na kingine kabla hajarudiwa na fahamu, mpelekeni haraka kwa waganga wa zahanati au hospitali, hata kama ni usiku na maji yamekupwa.

Mwenye kifafa asivuke peke yake, wala asivue peke yake, wala asilale juu ya dungu refu lisilo na kizuizi. Jiko lake liwekewe ukingo. Tena atumie dawa kila siku kama alivyoagizwa. Dawa iitwayo finobabitoni hutumika tangu mwaka 1912, nayo si ya gharama kubwa. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba watu hata 70 katika mia waweza kuishi bila kifafa wakipimwa na kutibiwa vema. Lakini dawa isiachwe ghafula kwa sababu mtu amejiona mzima, au kwa sababu mtumbwi wa kwenda kuichukua umekosekana. Kuikatiza ghafula huweza kuleta kifafa kisichokoma. Kwa hiyo wazee wajue ni nani katika kijiji atumiaye dawa hii, ili yeyote asafiriye kwenda Kibiti aulize kama dawa za jirani zimekaribia kwisha.

Na mtoto mwenye kifafa aende shule. Anaoa au kuolewa kama wengine akiwa mkubwa, na kazi nyingi anaziweza. Kati ya kifafa na kifafa ubongo wake waendelea na mazungumzo yake kama ubongo wetu. Tukimnyima maneno, michezo na masomo, sisi ndio tutakaoziba njia ambazo ugonjwa uliziacha wazi.

Maswali ya kuzungumzwa katika usharika

1. Ni sehemu gani za ubongo zinazotumika mtu asomapo kwa sauti?
2. Kwa nini kifafa huweza kuanza kidoleni na kuishia mwili mzima?
3. Yule aliyekatwa daraja la ubongo alisema hakuona kitu, na mkono wake ukakichagua. Jambo hili latufundisha nini?
4. Mwalimu aonapo mtoto akizubaa mara nyingi kwa siku, afanye nini kabla ya kumwadhibu?
5. Katika kijiji chako, ni nani asiyevuka maji tena kwa sababu ya kifafa, na ni nani awezaye kumvusha?